Kabla ya kutafuta neno kwenye kanzidata ya Kilatini, uliza ndani yake mna toleo gani

Wanafunzi wa historia na wa teolojia huniandikia wakiwa katikati ya tasnifu, na sentensi moja hujirudia katika barua zao: "Nimetafuta kwenye kanzidata, neno hili Augustino hakulitumia." Jibu langu huanza kwa swali. Umetafuta kwa Augustino wa nani? Wa watawa Wabenedikto wa Ufaransa waliomchapisha karne ya 17, au wa wahariri wa Vienna wa juzijuzi? Askofu ni yuleyule wa Hippo, mji ambao sasa unaitwa Annaba, nchini Algeria, lakini maandishi yaliyowekwa chini ya jina lake hayalingani.

Kanzidata haizijui Zama za Kati. Inavijua vitabu ilivyolishwa tu, na kila kitabu kilikuwa na mhariri wake, mwaka wake na miswada, yaani nakala za kale zilizoandikwa kwa mkono, ambayo mhariri huyo aliifikia. Mtafiti asiyelijua hilo anapata majibu ya haraka kwa swali ambalo hakuliuliza.

Nianze na Patrologia Latina, mkusanyo mkubwa wa waandishi wa Kanisa walioandika kwa Kilatini, maana ndiyo inayotajwa kuliko zote. Padri Mfaransa Jacques-Paul Migne aliitoa Paris kati ya 1844 na 1855 katika juzuu 217, kisha faharasa zikafuata kuanzia 1862 hadi 1865 na kufikisha juzuu 221. Inaanza na Tertuliani wa Karthago, yapata mwaka 200, na kuishia kwa Papa Inosenti III aliyefariki 1216. Migne alitaka mapadri wa kawaida wapate vitabu hivyo kwa bei wanayoimudu, kwa hiyo hakukaa kuisoma miswada upya. Alichukua matoleo ya waliomtangulia, akayapanga na kuyachapa kwa kasi ya ajabu. Augustino wake, juzuu ya 32 hadi ya 47, ni yule wa Wabenedikto wa Saint-Maur waliomtoa kuanzia 1679 hadi 1700. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Watawa wale walikuwa wasomaji makini kuliko wengi wetu. Ila kanzidata iliyotengenezwa na kampuni ya Chadwyck-Healey miaka ya 1990, ambayo leo iko chini ya ProQuest, ilinakili toleo la kwanza la Migne. Ukibonyeza kitufe cha kutafuta leo asubuhi, kwa upande wa Augustino unaiuliza karne ya 17.

Chukua neno mangones, wachuuzi wa watumwa. Mwaka 1981, huko Vienna, Johannes Divjak alichapisha barua karibu thelathini zilizokuwa hazijawahi kuchapishwa, alizozikuta katika miswada miwili, mmoja uko Paris na mwingine Marseille. Nyingi ni za Augustino mwenyewe. Katika mojawapo, ambayo wataalamu huiandika 10* kwa nyota ili isichanganywe na Barua ya 10 ya siku zote, anamwandikia rafiki yake Alypius: Tanta est eorum qui vulgo mangones vocantur in Africa multitudo. Anasema wachuuzi hao wamezidi Afrika hata wanakaribia kuimaliza nchi watu wake kwa kuwavusha bahari. Wanavamia sehemu za mbali, wamevaa kama askari au kama watu wa makabila ya kigeni ili watishe. Anamtaja mwanamke wa Hippo aliyewarubuni wanawake wa Giddaba kwa kujifanya ananunua kuni. Wakifika kwake walifungiwa, wakapigwa, wakauzwa. Anaeleza pia jinsi waumini wa Hippo walivyowaokoa watu kama 120.

Anayeandika historia ya utumwa katika Afrika ya Kaskazini ya Kirumi hawezi kuiruka barua hii. Lakini andika mangones kwenye Patrologia Latina, barua haitokei, wala haiwezi kutokea. Migne alipoichapa juzuu ya 33, yenye barua za Augustino, hapakuwa na msomi aliyejua kwamba ipo. Ndivyo ilivyo pia kwa mahubiri 26 ambayo François Dolbeau aliyatambua mwaka 1990 katika mswada wa maktaba ya mji wa Mainz, na mahubiri sita yaliyotangazwa mwaka 2008 baada ya kuonekana Erfurt katika mswada wa karne ya 12. Mwanafunzi anayetangaza kwamba Augustino alinyamaza juu ya jambo fulani, na amepekua Migne peke yake, ameupima ukimya wa Migne.

Ukiweza kuifikia Library of Latin Texts, kanzidata ya wachapishaji Brepols, hali inabadilika. Chimbuko lake ni mfululizo wa Corpus Christianorum ulioasisiwa na mtawa Mbelgiji, Dom Eligius Dekkers wa abasia ya Steenbrugge, na kuchapishwa Turnhout kuanzia miaka ya 1950. Paul Tombeur na wenzake wa Louvain waliuingiza kwenye kompyuta, na mwaka 1991 ikatoka diski ya kwanza. Matini zake zinatokana na matoleo ya kisayansi kila yanapopatikana, barua za Divjak zikiwemo. Hata hivyo ina upungufu ambao sharti uujue: inakupa maneno aliyoyachagua mhariri, bila ile orodha ya tofauti za miswada inayochapwa chini ya kurasa za kitabu. Miswada mitatu ikisema neno moja na mhariri akafuata wa nne, lile la miswada mitatu halipo kwenye kisanduku cha kutafutia. Kwa mtu anayechunguza jinsi watu wa Zama za Kati walivyomsoma Augustino, huenda neno hilo lililoachwa ndilo analolihitaji, maana ndilo walilokuwa nalo mezani. Hapo hakuna njia ya mkato. Itakubidi urudi kwenye kitabu chenyewe, au kwenye picha za mswada.

Kuna pia hatari ya upande wa pili: kukipata kitu kisichokuwepo. Katika juzuu ya 40 ya Migne, katikati ya maandishi ya Augustino, mna kitabu kiitwacho De spiritu et anima, juu ya roho na nafsi. Kimewekwa sehemu ya viambatisho, na kina maelezo ya tahadhari. Ukikifikia kwa kutafuta neno, unashushwa katikati ya aya, mbali kabisa na maelezo hayo, na unachokiona juu ya ukurasa ni juzuu ya Augustino. Kitabu hicho ni cha karne ya 12, miaka mia saba hivi baada ya kifo chake mwaka 430. Nimekiona kikinukuliwa kama saikolojia ya Augustino katika tasnifu zilizopita mikononi mwa wasimamizi. Na mwanateolojia Thoma wa Akwino alishasema katika karne ya 13 kwamba si cha Augustino, na kwamba hakina mamlaka! Dawa yake ni Clavis Patrum Latinorum, orodha ambayo Dekkers aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1951: kila andiko lina namba, na kila namba inakuambia mwandishi anayekubalika ni nani na toleo la kutumia ni lipi. Brepols wameiweka mtandaoni pamoja na orodha nyingine za aina hiyo kwa jina la Clavis Clavium, bila malipo. Iwe dirisha la kwanza unalolifungua.

Nikishamtaja Thoma siwezi kumruka Mjesuiti Roberto Busa, kwa kuwa kanzidata yake ilizaliwa kutokana na swali la mtafiti. Busa alikuwa akichunguza wazo la uwepo katika Thoma, akagundua kwamba maneno makubwa kama praesentia hayamfikishi mbali, na kwamba siri imo ndani ya kijineno kidogo, in. Aliandika kadi 10,000 kwa mkono. Mwaka 1949 alikwenda New York kumwona Thomas J. Watson wa IBM, na kampuni ikakubali kumsaidia. Kazi ikaendelea kwa miongo mitatu, sehemu kubwa mjini Gallarate, Italia, ambako wasichana waliofunzwa kutumia mashine walitoboa kadi baada ya kadi za Kilatini. Tunda lake ni Index Thomisticus, juzuu 56 zilizochapwa kati ya 1974 na 1980, zenye takriban maneno milioni 11 ya Thoma na ya waandishi wanaohusiana naye. Leo imo ndani ya Corpus Thomisticum, tovuti iliyojengwa na Chuo Kikuu cha Navarra, Hispania, na mseminari mwenye simu na bando dogo anaitumia bure. Kila neno liliunganishwa na umbo lake la kamusi, kazi ambayo binadamu waliipitia kwa macho.

Umbo la kamusi ndilo linalowakwamisha wengi. Kwetu sisi neno hubadilika mwanzoni: ukitafuta "kitabu", kompyuta haikuletei "vitabu" wala "vijitabu". Kilatini hubadilika mwishoni, na wakati mwingine hata katikati. Mchuuzi mmoja ni mango, wawili ni mangones, "ya wachuuzi" ni mangonum, "kwa wachuuzi" ni mangonibus. Ukiandika mangon* kwa nyota, inayosimama badala ya mwisho wowote, unayakamata yote isipokuwa mango yenyewe. Nayo itabidi uitafute peke yake.

Kisha njoo kwenye tahajia. Migne hutumia j, kwa hiyo kwake ni ejus na hujus, na mbingu ni coelum. Wahariri wa sasa wa maandishi ya kale huandika caelum. Waandishi wa karne ya 12 na 13 waliandika celum, na wahariri wengi wa matini zao wameiacha hivyo. Waliandika pia michi badala ya mihi, nichil badala ya nihil, gracia badala ya gratia. Programu nyingi zinasawazisha u na v, au i na j, zenyewe. Usiziachie kazi iliyobaki. Mimi huandika tahajia zote ninazozijua kwenye karatasi kabla sijagusa kibodi, nazipitisha moja moja, na nahifadhi idadi ya matokeo ya kila moja pamoja na tarehe, kwa sababu kanzidata huongezewa maandishi na idadi hubadilika.

Sasa suala la pesa, maana najua wengi wenu mko kwenye vyuo visivyo na usajili wa Brepols wala wa ProQuest. Mnaweza kwenda mbali sana bila hizo. Corpus Corporum ya Chuo Kikuu cha Zurich ni ya bure, na ina maandishi ya Migne yanayotafutika pamoja na mikusanyo mingine mingi. Monumenta Germaniae Historica, mradi ulioanzishwa Ujerumani mwaka 1819 kwa ajili ya vyanzo vya historia ya Zama za Kati, umeweka matoleo yake mtandaoni bila malipo, tena na tofauti za miswada zikionekana kwenye picha za kurasa. Kwa waandishi wa Roma ya kale hadi karibu mwaka 200, ziko matini za Packard Humanities Institute. Kamusi kubwa ya Munich, Thesaurus Linguae Latinae, iliyoanzishwa 1894 na ambayo bado haijakamilika, inatoa juzuu zake kwa PDF. Kwa Kilatini cha baadaye kuna Du Cange, kamusi iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1678 na kuwekwa mtandaoni na École des chartes ya Paris. Miswada yenyewe mtaiona kwenye Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, e-codices ya Uswisi na DigiVatLib ya Vatikani. Tahadhari yangu ni juu ya The Latin Library: ni nyepesi, inafunguka haraka, ni nzuri kwa mazoezi ya kusoma, lakini mara nyingi haisemi matini imetoka toleo gani. Isiingie kwenye tanbihi.

Na kuhusu tanbihi, wengi wa wasio na usajili hupakua picha za juzuu za Migne kutoka Internet Archive, na hapo kuna mtego. Februari 1868 moto uliteketeza karakana za Migne jijini Paris pamoja na bamba za chapa. Juzuu zilizotolewa baadaye na wachapishaji Garnier zilipangwa upya, na katika baadhi yake namba za safu hazilingani na za chapa ya kwanza, wakati kanzidata inafuata chapa ya kwanza. Msomaji anafungua safu uliyomtajia, halioni neno, anadhani umelibuni. Kwa hiyo geuza hadi ukurasa wa jina wa PDF yako usome mwaka. Katika tanbihi andika juzuu, safu, ile herufi ya A hadi D inayoonyesha sehemu ya safu, na mwaka wa chapa uliyoishika. Kama andiko lina toleo jipya ambalo Clavis imelitaja, liweke hilo kwanza, na Migne afuate.