Kwa Nini Mwezi Hulishinda Jua Katika Kujaa na Kupwa kwa Maji

Jua huivuta Dunia kwa nguvu inayozidi ile ya Mwezi takriban mara 178. Hata hivyo, saa za maji kujaa na kupwa hufuata Mwezi, na mchango wa Jua ni kama asilimia 46 tu ya ule wa Mwezi. Naanzia hapa kwa sababu anayeelewa jambo hili ameshalishika somo lenyewe.

Kama kila tone la bahari na kila jiwe la Dunia vingevutwa sawasawa, vyote vingesogea pamoja, na maji yasingejaa wala kupwa. Kinachofanya kazi ni tofauti ya mvuto kati ya upande mmoja wa Dunia na mwingine. Tupige hesabu. Kitovu cha Dunia kiko wastani wa km 384,400 kutoka kitovu cha Mwezi. Kutoka kitovu cha Dunia hadi usoni ni km 6,371, kwa hiyo uso unaoelekea Mwezi uko umbali wa km 378,029, na ule wa nyuma km 390,771. Mvuto hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ukiziweka namba hizo utapata kwamba upande wa mbele huvutwa asilimia 3.4 zaidi ya kitovu, na wa nyuma asilimia 3.2 pungufu. Kwa Jua, lililo umbali wa km milioni 149.6, tofauti hiyo haifiki hata asilimia 0.01. Zidisha hiyo kwa 178, bado haiufikii Mwezi.

Hesabu hiyo hiyo inajibu swali ambalo watu wengi hukwama nalo: kwa nini maji huinuka pia upande uliogeukia mbali na Mwezi? Kitovu cha Dunia huvutwa kuelekea Mwezi kuliko maji ya upande wa nyuma, hivyo maji hayo hubaki nyuma kidogo. Ndiyo maana kuna minuko miwili. Dunia ikijizungusha, sehemu nyingi za pwani huipitia yote miwili kwa siku. Mwezi nao haukai ukingoja: kila siku husogea mbele katika njia yake, na Dunia huhitaji kama dakika 50 zaidi kuufikia. Maji yakijaa leo saa 4:00 asubuhi, kesho tarajia saa 4:50 hivi. Kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25.

Usifikiri Mwezi unayanyanyua maji juu. Ukiwa utosini, nguvu hii hupunguza uzito wa kitu kwa sehemu moja tu katika milioni 9. Mtu wa kilo 90 hupungukiwa na miligramu 10. Kazi hufanywa na sehemu ya nguvu inayosukuma maji kwa ubapa, kutoka pande zote kuelekea chini ya Mwezi na upande wake wa pili. Msukumo huo ni mdogo mno kuonekana kwenye bakuli au bwawa. Katika bahari ya maelfu ya kilomita, hujilimbikiza.

Mwezi, Jua na Dunia vikiwa kwenye mstari mmoja, yaani mwezi mchanga au mpevu, minuko yao hujumlika na kuleta bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, hupunguzana, na tunapata maji mafu, yenye tofauti ndogo kati ya kujaa na kupwa. Kwa nadharia, mnuko wa Mwezi peke yake ukiwa 1, bamvua ni 1.46 dhidi ya 0.54 ya maji mafu, karibu mara tatu. Sehemu nyingi bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, kwa kuwa bahari ni nzito na huchelewa kuitikia. Angalia pia umbali: Mwezi ukiwa karibu (km 363,300) nguvu yake huzidi ile ya ukiwa mbali (km 405,500) kwa karibu asilimia 40.

Hadi hapa ni nadharia ya Newton ya mwaka 1687, na pwani halisi huipinga mara nyingi. Katika kina cha mita 4,000, wimbi refu husafiri kama km 710 kwa saa, ilhali uso wa Dunia kwenye ikweta huzunguka kwa km 1,670. Maji hayawezi kuufuata Mwezi. Huwa mawimbi yanayozunguka ndani ya mabonde ya bahari na kugonga mabara. Ghuba ya Fundy, Kanada, ina umbo ambalo maji yake huyumba yenyewe kwa mdundo unaokaribia saa 12 na dakika 25, ndiyo sababu tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 16. Kwa hiyo jedwali la maji, lenye saa na vimo vya kujaa na kupwa, hutengenezwa kwa vipimo vya bandari yenyewe. Usitumie la bandari jirani bila kulirekebisha.

Kukadiria kina kati ya kupwa na kujaa, gawa tofauti kwa 12. Katika saa sita maji hupanda sehemu 1, 2, 3, 3, 2, 1. Mfano: yamekupwa saa 12:00 asubuhi kwa mita 0.4, yatajaa saa 6:12 mchana kwa mita 4.0. Sehemu moja ni mita 0.3, na kila "saa" ni dakika 62. Kimo kitakuwa 0.7, 1.3, 2.2, 3.1, 3.7, kisha 4.0. Saa ya tatu na ya nne ndizo za hatari: nusu ya maji yote huingia hapo, na mkondo huwa mkali kuliko wakati wowote. Kanuni hii haifai mahali kama bandari ya Southampton, Uingereza, ambako maji hujaa mara mbili mfululizo.

Jedwali halijui hali ya hewa. Kanieneo ya hewa ikishuka milibari 1 (kipimo cha kanieneo), bahari huinuka kama sentimita 1. Ikiteremka kutoka 1,013 hadi 983, ongeza sentimita 30 kabla hujahesabu upepo unaosukuma maji kuelekea nchi kavu. Ikipanda, punguza, hapo ndipo chombo hugusa mwamba ambao jedwali lilionyesha kingepita juu yake.