Je, wajua? Kwa nini mraibu mweusi Marekani alipanga foleni dirishani, mweupe akaenda na vidonge nyumbani

Jibu nilikuwa nalo, na nililitoa kwa sauti kwenye kijiwe cha kahawa karibu na stesheni ya Tabora: Marekani waraibu weusi wa heroini hupewa methadoni na weupe buprenofini, dawa mbili za kutibu uraibu huo, kwa sababu miili yao haifanani. Mzee mmoja alinikubalia papo hapo, na hilo pekee lingetosha kunitia shaka.

Nilikosea. Dawa zote mbili hufanya kazi kwenye vipokezi vya ubongo, yaani sehemu ambako heroini nayo hujishikiza, na vipokezi havijui rangi. Vifikirie kama viti vya behewa la daraja la tatu linalotoka Kigoma. Heroini ni abiria wa fujo: anakaa, anapiga kelele, akifika Uvinza kashuka. Kiti kikibaki kitupu ndipo arosto inapomshika mtu, jasho, kuhara, mifupa kuuma. Methadoni hukalia kiti hichohicho kimya, mchana na usiku, hadi dozi ya kesho. Buprenofini ndiyo kituko chenyewe. Ina nusu tiketi, kwa hiyo hata abiria wake wakiongezeka, behewa halichangamki kupita kiwango fulani. Lakini kiti imekishika hasa, heroini ikipanda inaishia kusimama mlangoni. Kwa hiyo buprenofini si rahisi kuua mtu kwa kuzidi dozi, ingawa ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi usalama huo hupungua.

Kinachotofautiana kweli ni kasi ya ini kuiondoa methadoni mwilini. Dawa ya TB iitwayo rifampisini, kwa mfano, huiharakisha. Basi dozi hupimwa kwa mtu, si kwa kabila wala rangi.

Rangi iliingilia mlangoni. Tiba ya methadoni ilianzia New York miaka ya 1960, na kliniki zake nyingi zikawekwa mitaa ya weusi na Walatino: unafika kila siku, unakunywa huku muuguzi anakutazama. Sheria ya mwaka 2000 ikaruhusu daktari mwenye kibali maalumu kumwandikia mgonjwa dawa ya kutibu uraibu ofisini kwake, na buprenofini ikaidhinishwa 2002. Hakuna kifungu kilichotaja rangi. Ila mwenye daktari wa aina hiyo jirani, tena mwenye bima au pesa mkononi, mara nyingi alikuwa mweupe. Utafiti uliochapishwa 2019 ulikuta pengo kubwa kati ya weupe na weusi katika kuandikiwa buprenofini. Tukumbuke tu kwamba ulihesabu waliofika kwa daktari, si wote waliohitaji. Kibali chenyewe kilifutwa mwishoni mwa 2022.

Huku kwetu hakuna mweupe wa kulaumiwa, na bado mlango unachagua. Methadoni ilipoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011, dozi ilinywewa palepale, kila siku. Kutoka Tabora ni zaidi ya kilomita 800 za reli.