Paka, panya na Liszt: dhana potofu kuhusu muziki wa katuni za zamani

Weka katuni ya zamani ya Tom na Jerry, kisha fumba macho. Hakuna anayezungumza, lakini utajua nani ananyata, nani anakimbizwa na nani kaangukiwa na kikaango. Kazi hiyo yote inafanywa na okestra, na bado watu wanaizungumzia kana kwamba ni kelele za kujazia.

"Picha zilichorwa kwanza, muziki ukapachikwa baadaye."

Dhana hii potofu ndiyo inayoniuma zaidi, maana inawanyima watunzi haki yao. Filamu ilipita kwa picha 24 kila sekunde. Ikiamuliwa kwamba pigo la muziki litue kila baada ya picha 12, hayo ni mapigo 120 kwa dakika, na mchoraji alipewa hesabu hiyo kabla ya kuchora. Alijua nyundo itatua kichwani kwenye picha ya ngapi. Wakati wa kurekodi, wanamuziki walisikia "tik, tik" kwenye hedifoni ili wasiikose hesabu hata chembe.

Tazama *The Cat Concerto* ya mwaka 1947, ya William Hanna na Joseph Barbera, iliyopata tuzo ya Oscar. Tom, kavaa suti, anapiga kwa piano Rapsodia ya Hungaria namba 2 ya mtunzi Franz Liszt, na Jerry amelala ndani ya piano hiyo hiyo. Liszt aliigawa kazi yake sehemu mbili: lassan, ya taratibu na yenye majivuno, halafu friska, ya mbio. Tom anaingia na heshima zake zote kwenye lassan. Friska inapoanza, heshima hiyo inamwagika. Kichekesho kilikuwa ndani ya muziki karibu miaka 100 kabla ya paka huyo kuchorwa.

"Bugs Bunny, yule sungura wa katuni za Warner Bros., alimwibia Tom." Au kinyume chake, inategemea unaongea na shabiki wa nani. *Rhapsody Rabbit* ya mwongozaji Friz Freleng ilitoka 1946, sungura huyo akipiga rapsodia hiyo hiyo, na studio mbili, MGM ya Tom na Jerry na Warner Bros., zilishutumiana kwa wizi. Linalosahaulika ni kwamba mwaka 1941 Freleng alikuwa ameshaitumia katika *Rhapsody in Rivets*, mafundi wakijenga ghorofa kwa mdundo wake.

"Ule muziki unaosikika katuni zikionyesha mitambo ya kiwanda ni wa klasiki." Hapana. Unaitwa *Powerhouse*, Raymond Scott aliutunga 1937 kwa ajili ya bendi yake, wala hakuwahi kutunga kwa ajili ya katuni. Carl Stalling, mtunzi wa muziki wa katuni za Warner Bros., ndiye aliyeuingiza humo. Stalling alianzia kwenye kumbi za sinema za kimya, akipiga kinanda gizani huku macho yakiwa kwenye picha, na alitumia nyimbo za kawaida za redioni mara nyingi sana.

"Katuni ya Bugs Bunny, *What's Opera, Doc?*, ni opera moja ya mtunzi Wagner iliyofupishwa." Mwongozaji Chuck Jones na mtunzi Milt Franklyn walichota huku na huko mwaka 1957: Elmer, mwindaji wa Bugs, anaimba kwa sauti ya opera *Die Walküre*, lakini wimbo wa mapenzi unatoka *Tannhäuser*, opera nyingine kabisa.

"Ni muziki mwepesi, wa watoto."

Scott Bradley, mtunzi wa Tom na Jerry, aliwafuatilia watunzi wa kisasa wa zama zake. Katika *Puttin' on the Dog* ya 1944, kwenye kisa cha kichwa cha sanamu ya mbwa, alitumia mtindo wa noti 12 wa mtunzi Arnold Schoenberg, ambamo noti zote 12 zinapangwa kwa mfuatano maalumu bila hata moja kuwa ya msingi. Mtindo huo uliwatatiza hata wasikilizaji wazoefu wa kumbi za muziki. Bradley aliwapigia watoto waliokuja kumtazama panya, nao wakacheka.