Miaka saba sio tarehe ya kumkabidhi mtoto kwa baba

Jamani hii ya "mtoto akitimiza saba anarudi kwa baba yake, ndo sheria" imeumiza wamama wengi sana hapa Bongo, mtu anafungasha begi la shule la mwanae huku analia kisa shemeji kapiga simu kasema muda umefika. Hakuna sheria inayosema hivyo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vizuri akae na mama yake, na hata hilo linaweza kupingwa mahakamani kwa ushahidi, haijasema popote akifika 7 ahamishwe. Hakimu anaangalia kwanza maslahi ya mtoto, halafu matakwa ya wazazi, mila zao, na mtoto mwenyewe anasikilizwa kama ameshakua wa kujieleza. Na nyie wababa, kutokaa na mtoto hakukuondolei matunzo, msosi, ada, matibabu bado ni juu yako, ila mama nae asimzuie baba kumuona mwanae eti kwa sababu hajatuma hela, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Mkishindwana nendeni ustawi wa jamii wilayani kwenu.