Vitabu, dele na mrashi: jinsi ninavyopanga ukuta wa nyumba ya pwani

Mama mmoja wa Mji wa Kale, hapa Mombasa, aliniita nimtengenezee shelfu. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu, na alimwachia vitabu mia sita na kitu: vingine kwenye maboksi ya sabuni, vingine mvunguni mwa kitanda, vingine juu ya kabati la nguo vikigusa dari. Wanawe walishakata shauri kwamba vichache vipewe madrasa na vilivyobaki viuzwe kwa kilo. Yeye hakutaka. "Mwanangu," aliniambia, "kusoma sisomi tena, macho yashachoka. Lakini nataka nikikaa hapa niwaone." Alisema niwaone, si nivione. Sikumsahihisha.

Mimi ni seremala, na kwa miaka mingi sasa kazi yangu kubwa imekuwa kupanga kuta za watu: vitabu, picha, vyombo vya bibi, vitu vilivyoletwa na mjomba kutoka safarini. Maswali ninayoulizwa ni yale yale, kwa hiyo nimeona nieleze ukuta wa mama huyu tangu mwanzo hadi mwisho.

Nyumba yake ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zina unene wa karibu nusu mita. Chumba cha ndani bado kina vidaka vitatu, vile vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta vya kuwekea vitu. Kimoja fundi wa miaka ya nyuma alikiziba kwa saruji ili ukuta "unyooke". Hapo nilikaa kwanza nikanywa maji.

Kidaka ni kitu ambacho wazee wetu walikielewa kuliko sisi wenye katalogi. Ukienda Lamu, ingia kwenye ile nyumba ya makumbusho ya karne ya 18, ufike hadi ndani kabisa, uangalie zidaka (Waamu hawasemi vidaka) zilivyopangwa safu juu ya safu kwa plasta ya chokaa iliyonakshiwa. Vyumba vile ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari haziwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Huwezi kujaza chumba chembamba kwa makabati, utapita wapi? Basi fahari yote ikaingizwa ukutani. Sahani na bakuli za kauri kutoka China, vitabu na vyombo vya shaba, kila kitu kilikaa ndani ya ukuta bila kumgonga mtu bega. Hata mshairi wa Al-Inkishafi, lile shairi la kale la pwani, alipotaka kuonyesha kwamba majumba ya Pate yamekufa, hakuanza kuhesabu mawe yaliyoanguka. Alitaja madaka ya visahani, kwamba sasa wamelala humo makinda ya ndege. Msikilizaji wa zamani alijua papo hapo ni nini kimepotea.

Kidaka kinafanya jambo moja ambalo shelfu refu la ubao haliwezi. Kinakipa kitu fremu yake na kivuli chake. Bakuli likiwa peke yake kwenye kidaka cheupe, jicho linasimama hapo. Bakuli hilo hilo ukilibana kwenye shelfu la mita mbili, kati ya kikombe cha mashindano ya mpira na maua ya plastiki, halionekani tena. Limekuwa abiria wa matatu ya jioni.

Kwa hiyo kabla ya kupima chochote nilimwambia mama yule kwamba sitajaza ukuta. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa na muuza nyama asinunue nyama.

Sababu yangu haikuwa urembo peke yake. Adui wa kitabu huku pwani ni unyevu. Koga huanza kuota kwenye karatasi na jalada hewa ikikaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hivi kwa muda mrefu, nasi Mombasa tunapita kiwango hicho siku nyingi za mwaka, masika ndiyo usiseme. Unyevu huo huwezi kuufukuza nyumbani, ila unaweza kuuzuia usilale mahali pamoja. Vitabu vilivyobanwa hadi kidole hakipiti, vimegusa ukuta wa nje kwa nyuma na kioo kwa mbele, vinatengeneza chumba chao kidogo chenye joto na maji, na koga haitaki zaidi ya hapo. Lile kabati la vioo linalofungwa kwa ufunguo, ambalo kila nyumba ya heshima lazima iwe nalo sebuleni, ndilo linaloua vitabu vingi kuliko watoto wenye kalamu. Ukiwa nalo tayari, toboa matundu nyuma, juu na chini, uyazibe kwa wavu mwembamba. Au fanya nilivyofanya kwangu: nilichukua kabati la zamani la jikoni, lile lenye milango ya wavu tulilokuwa tukiwekea chakula panya wasifike, nikalipiga randa na kulifanya la vitabu. Linapumua vizuri.

Nafasi ile ile inayokilinda kitabu ndiyo inayokipendezesha. Kila ninapoacha sentimita tano kati ya nyuma ya shelfu na ukuta, hewa inapita. Kila ninapoacha mwanya kati ya fungu moja la vitabu na lingine, hewa inapita tena, na jicho nalo linapata pa kupumzikia. Nimeacha kutofautisha mambo haya mawili.

Halafu kuna mchwa. Katika nyumba nyingine, sitaitaja, niliwahi kuinua rundo la vitabu vilivyoegemezwa kwenye ukuta kwa miaka. Majalada yalikuwa mazima, yamenyooka, majina yanasomeka. Nilipofungua, ndani ni udongo. Walipanda kutoka sakafuni kwa nyuma, wakala kitabu kimoja baada ya kingine bila kutoboa mgongo hata mmoja. Tangu siku ile sijengi shelfu linaloanzia sakafuni. Rafu ya chini naianzisha sentimita 15 juu, na kuna faida ya pili: maji ya kupiga deki. Watu hawafikirii deki, lakini ubao wa chini ukilowa kila asubuhi kwa miaka mitano, utavimba tu.

Kuhusu mbao sitasema mengi. Mvule na mninga mchwa hawazipendi, nazo hazipindi ovyo, ila mvule siku hizi bei yake inataka moyo. Ubao wa MDF ni nafuu na unapokea rangi vizuri, lakini ukinywa maji umekwisha, na ukibeba vitabu unalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Mita moja ya vitabu vya kawaida ina uzito wa kilo ishirini hadi thelathini, na kamusi na vitabu vikubwa vya jalada gumu huzidi hapo. Kwa ubao wa milimita 18 siendi zaidi ya sentimita 75 bila nguzo. Mteja akitaka rafu ya mita moja na nusu "bila vitu vya kukatakata katikati", namwonyesha picha ya rafu iliyofanya tabasamu, tunaelewana.

Kidaka kilichozibwa nilikifungua kwa tindo. Saruji juu ya ukuta wa chokaa ni kosa, kwa sababu chokaa inauacha unyevu wa ukuta utoke, lakini saruji inaufungia ndani, na chumvi inaanza kumenya rangi kama ngozi iliyoungua jua. Nilirudishia chokaa, nikaipaka nyeupe. Kidaka kilipoonekana, mama alicheka. Alisema alipoolewa alikuta taa ya mafuta humo.

Baada ya useremala ndipo kazi yenyewe inapoanza. Tulitandika mkeka sebuleni tukatoa kila kitu. Sipangi kitu nisichojua kimetoka wapi, kwa hiyo naviuliza kimoja kimoja: hiki alileta nani? Vitabu vya mwalimu vilijigawa vyenyewe, vya kufundishia, vya dini, mashairi, na lundo la magazeti ambalo tulikubaliana liende. Vitu vilikuwa hivi: mrashi wa fedha wa mamake, ule wa kunyunyizia marashi, dele la shaba la kahawa, chetezo, redio ya mbao iliyokufa, kengele ya shule ambayo mwalimu aliondoka nayo siku ya kustaafu (sijui kwa idhini ya nani), kanga mbili zilizokunjwa, na picha za harusi.

Msahafu hupata mahali pake kabla ya kingine chochote. Nyumba ya Mwislamu haiupangi kwa urefu wala kwa rangi. Unakaa juu, hakuna kitu juu yake, na haukai upande ambao mtu akilala miguu inauelekea. Kulikuwa na marufaa ya mbao ya kuusomea, imekunjwa na kusahaulika nyuma ya mlango. Niliisafisha na kuiweka wazi kwenye rafu ya juu, msahafu ukiwa juu yake. Kwenye kisiwa cha Pate, mji wa Siyu uliwahi kusifika kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Kwa watu wale kitabu kilikuwa kitu cha kutazamwa pia.

Baada ya hapo naweka kitu karibu na vitabu vinavyokijua. Kengele ilikwenda kando ya vitabu vya kufundishia, vikiwa vitatu vimelala na kengele juu yake. Vitabu vikubwa na vizito ni afadhali vilale, kwani vikisimama kurasa zinaning'inia na mgongo unang'oka, ila nisipitishe vinne, la sivyo hakuna atakayekifikia cha chini. Mrashi ulipata kidaka kidogo peke yake. Redio niliipeleka chumba kingine. Mama alilalamika kidogo, lakini kitu kikubwa cha kahawia kwenye shelfu la vitabu vya kahawia kinamezwa tu.

Chetezo tulibishana. Alitaka kikae katikati na kiwe kinafukizwa kila Alhamisi jioni pale pale. Nilimweleza kwamba moshi wa udi na ubani una mafuta na masizi yanayokaa kwenye kurasa, yanashika vumbi, na vumbi linashika unyevu. Chetezo kinaweza kukaa shelfuni kikiwa baridi. Kikiwa na makaa, kiende mlangoni. Alikubali kwa masharti kwamba nisimwambie habari ya kusugua shaba kwa dawa za dukani. Nami sikuwa na nia hiyo. Shaba ni ndimu na jivu, au ukwaju, na usisugue hadi ing'ae kama bomba jipya, maana weusi ule wa kwenye nakshi ndio unaofanya nakshi ionekane.

Picha za harusi zilikuwa kwenye ukuta unaotazama magharibi, jua la alasiri likizipiga kila siku. Bwana harusi alikuwa amebaki kanzu. Ushauri wangu ni ule ule siku zote: pigisha nakala nzuri, tundika nakala, ile ya asili ifungwe kwenye karatasi safi iwekwe gizani. Kanga nayo hufifia juani vivyo hivyo. Ukiitia kwenye fremu, hakikisha jina lake linaonekana. Nimeona fremu ya bei kubwa hotelini iliyokata maneno ya kanga ikabakiza maua, kama mtu aliyenunua barua akatupa maandishi.

Jambo jingine ambalo halikuwa kwenye nyumba hii lakini nalikuta mara nyingi: pembe za ndovu. Viti vya enzi vya zamani, visanduku, vipini vya majambia. Hapa Kenya, chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, huruhusiwi kukaa na pembe za ndovu bila kibali, hata kama ni urithi wa babu wa babu. Ulizia mapema, kabla picha ya sebule yako haijaenda mitandaoni.

Na kuna wateja wanaoniomba vitabu kwa rangi. Wananiambia nitafute mita mbili za vitabu vya bluu. Wengine wanataka migongo ielekezwe ukutani ili zionekane kurasa nyeupe tu. Huwa naifanya kazi hiyo, watoto wangu wanakula, lakini nawaambia ukweli: mgeni atauliza kitabu fulani, nawe hutaweza kukipata.

Ukuta wa mama ulichukua siku tisa. Vitabu kama mia nne vilikaa, vilivyobaki vikaenda madrasa kama wanawe walivyotaka, kwa hiyo kila mtu alipata chake. Kidaka cha katikati, kile nilichokifungua kwa tindo, nilikiwekea dele peke yake.

Nilirudi baada ya masika kukagua koga, kama nilivyoahidi. Vitabu viwili vya upande wa dirishani vilikuwa vimeanza vidoa; nilivifuta kwa brashi laini nje, barazani, na kuvihamisha. Kidaka cha katikati kilikuwa kitupu, na duara la vumbi pale dele lilipokuwa likikaa. Nikamuuliza liko wapi.

"Liko jikoni, lina kahawa," akasema. "Kaa kitako."