Ceviche ya Peru: Ndimu Hubadili Samaki, Haimsafishi

Nafundisha mapishi ya samaki, na kuhusu ceviche, yaani samaki mbichi wa Peru aliyekolezwa ndimu, naulizwa mara kwa mara kama ndimu humpika samaki. Asidi yake hukaza protini, ndiyo maana mnofu unaong'aa hugeuka mweupe na kuwa mgumu kidogo, lakini minyoo ya Anisakis, inayojificha ndani ya samaki wa baharini, huweza kubaki hai humo humo kwenye ndimu. Kinachoiua bila moto ni baridi kali: samaki akae siku 7 katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwa kuwa friza nyingi za nyumbani hazidumu katika kiwango hicho, weka kipimajoto ndani yake usome mwenyewe. Hata hivyo, kugandisha hakuui bakteria wote, wala hakuondoi histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, ambayo hujijenga ndani ya jodari aliyeachwa juani. Kwa hiyo nachagua changu au chewa aliyewekwa barafuni tangu alipovuliwa. Sato na samaki wengine wa maji baridi siwashauri kabisa kuliwa wabichi.

Wakati wa kuandaa, kata mnofu vipande vya sentimeta 2, utie chumvi kwanza na kugeuza hadi vipande vianze kunata, ndipo uongeze pilipili, giligilani na kitunguu maji kilichooshwa kwa maji ya baridi. Ndimu ikamuliwe kwa mkono na kuachwa ingali na maji kidogo, kwa sababu ikiminywa hadi mwisho ganda hutoa uchungu unaoharibu bakuli zima. Tia vipande vichache vya barafu, koroga, kisha uvitoe kabla havijayeyuka.

Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Zamani Waperu walimwacha samaki kwenye ndimu kwa saa kadhaa, na wapishi wa asili ya Kijapani, ambao wazee wao walianza kuhamia huko mwaka 1899, ndio wanaosifiwa kwa kufupisha muda huo; mimi naona walimrudishia samaki ladha yake. Maji meupe yanayobaki, leche de tigre, usiyamwage, maana hunywewa au humwagiwa juu ya samaki, pamoja na kiazi kitamu cha kuchemsha na mahindi.

Ceviche huliwa papo hapo na haiwekwi kiporo. Wajawazito, watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wasipewe samaki mbichi: wao wachemshie samaki hadi aive, apoe, ndipo umkoleze ndimu na viungo vile vile.