Ngozi ya Mwanao Si Chafu: Dhana Potofu Kuhusu Sabuni, Mafuta na Pumu ya Ngozi

Juzi nilimwomba mama mmoja aje kliniki na kila kitu anachotumia kumwogesha na kumpaka mtoto wake wa miaka mitatu. Siku hizi nawaomba hivyo wazazi wote wa watoto wenye pumu ya ngozi, yaani ukurutu, kwa sababu nikiuliza tu najibiwa, "Sabuni ya kawaida, dokta." Alipofungua kikapu, mezani pakapangwa kipande cha sabuni ya dawa kilichobaki nusu, chupa ya dawa ya kuua vijidudu ambayo humimina kifuniko kimoja kwenye beseni, dodoki jipya kabisa, na losheni ya waridi yenye picha ya mtoto anayecheka. Mtoto mwenyewe alikuwa mapajani, anasugua mkono kwenye ukingo wa meza bila kupumzika. Ngozi ya ndani ya kiwiko ilikuwa nene, ya kijivu kilichokolea, mistari imejichora. Nilipopitisha kidole, ilikwaruza kama msasa.

"Dokta," mama akasema, "namwogesha mara tatu kwa siku, tena namsugua, lakini ule uchafu hautoki."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno hapa Dodoma. Nimeyasikia kwa akina mama, kwa bibi zao, hata kwa walimu wanaomrudisha mtoto nyumbani akaoge vizuri. Nimechoka kuyajibu kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nayaandika.

"Ngozi hii ni chafu, inataka sabuni ya dawa"

Hakuna uchafu pale. Ule weusi wa kijivu ni ngozi iliyonenepa kwa kukunwa miezi na miezi. Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya vinasema ukurutu huonekana mwekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utaona kijivu, kahawia iliyokolea au zambarau, na vipele vidogo vidogo kwenye vinyweleo, kama ngozi iliyopatwa na baridi. Mzazi anaona weusi, anadhani ni nongo, anachukua dodoki. Kesho weusi umezidi, na dodoki linaongezewa nguvu.

Fikiria nyumba ya udongo ambayo lipu yake imepasuka. Hakuna mtu anayeusugua ukuta ule kwa brashi na maji ya sabuni ili upone. Unakandikwa upya. Ngozi yenye pumu ni ukuta uliopasuka: maji ya ndani yanavuja nje, na vumbi, manukato na bakteria vinapenya ndani. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa huko wamerithi kasoro katika jeni ya filagrini, protini inayosaidia kujenga tabaka la juu la ngozi. Kwa Waafrika kasoro zile hupatikana kwa uchache zaidi, lakini uvujaji ni uleule, na mtoto amezaliwa na udhaifu huo. Hakuupata kwa kutooga.

Sasa tazama sabuni inachofanya. Uso wa ngozi una asidi kidogo, pH yake ikiwa karibu 5. Sabuni ya kipande, hata ile laini inayonukia vizuri, huwa na pH ya 9 hadi 10. Ukimwogesha mtoto kwayo unaondoa mafuta yanayoshika seli za ngozi pamoja, na asidi ile huchukua saa kadhaa kurudi. Ukimwogesha mara tatu kwa siku hairudi kabisa. Ongeza maji yetu ya visima, ambayo sabuni haitoi povu kwa urahisi: mzazi anapaka sabuni zaidi ili povu lionekane, na mabaki yake yanaganda kwenye ngozi. Halafu Juni mpaka Agosti upepo mkavu unapiga, na kliniki inajaa.

Najua swali linalofuata: si wewe dokta umesema bakteria wanapenya? Ndiyo. Ngozi yenye pumu kweli hubeba bakteria aina ya stafilokokasi wengi kuliko ngozi ya kawaida. Wanazaliana pale kwa sababu ukuta umepasuka, na sabuni ya dawa inaupasua zaidi. Septemba 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliondoa sokoni sabuni za kunawa na kuogea zenye viambato 19 vya kuua bakteria, vikiwemo triklosani na triklokabani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba vinazidi sabuni ya kawaida na maji. Huku kwetu mtoto mwenye ngozi iliyochanika bado anaogeshwa kwa dawa iliyotengenezwa kusafishia sakafu. Naomba sana jambo hilo likome.

Namna ya kuoga ninayoelekeza ni hii. Mara moja kwa siku inatosha, maji ya uvuguvugu, dakika tano hadi kumi. Tumia kioshi kisicho na sabuni wala manukato. Kama hakipatikani au bei inakushinda, tumia maji matupu mwili mzima, na sabuni kidogo tu kwenye kwapa, sehemu za siri na miguu. Dodoki, brashi na jiwe la kusugulia vikae mbali. Kiganja chako kinatosha. Kausha kwa kugusagusa na taulo, usifute. Ngozi ikiwa bado na unyevu, ndani ya dakika chache, paka mafuta kwa kufuata mwelekeo wa vinyweleo. Mtoto asitoke bafuni hajapakwa. Hilo la mwisho nalisisitiza kuliko yote: maji yaliyoachwa yakauke yenyewe hukausha ngozi kuliko kutooga.

"Hii losheni ni salama, imeandikwa ya watoto"

Picha ya mtoto kwenye chupa si kipimo cha chochote. Ile losheni ya waridi niliifungua, na harufu ikajaa chumba. Geuza chupa usome nyuma, hata kama herufi ni ndogo. Ukikuta neno "Parfum" au "Fragrance", irudishe dukani. Manukato ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa vipodozi, na ngozi iliyopasuka huyaruhusu yaingie moja kwa moja. Tafuta pia "Methylisothiazolinone", kihifadhi kilichosababisha mzio kwa watu wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya ulikizuia mwaka 2017 katika vipodozi vinavyopakwa na kubaki mwilini. Tahadhari na "Unscented": mara nyingine humaanisha wameweka kiungo cha kufunika harufu. Maneno unayoyataka ni "Fragrance free".

Vivyo hivyo "Hypoallergenic". Marekani walijaribu kuliwekea neno hilo masharti ya kisheria miaka ya 1970, kampuni za vipodozi zikaenda mahakamani, na mwaka 1977 masharti yakafutwa. Mpaka leo huko kila mtengenezaji analitumia kwa maana anayoitaka mwenyewe.

Kitu chochote kipya kijaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya mkono, sehemu isiyo na kidonda, kila siku kwa wiki moja. Pasipotokea kitu, endelea mwilini.

"Mafuta ya asili hayana madhara"

Inategemea ni ya asili gani. Mafuta ya zeituni, ambayo watu wanayaamini sana, yalijaribiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, wakachapisha matokeo mwaka 2013: baada ya wiki chache tabaka la juu la ngozi lilikuwa limedhoofika. Mafuta ya alizeti, katika jaribio hilohilo, hayakuleta madhara hayo. Sisi tulio jirani na Singida ya alizeti hatuna sababu ya kununua zeituni ya bei. Mafuta ya nazi safi nayo wagonjwa wangu wengi wanayavumilia vizuri. Lakini mwarobaini uliotwangwa, ndimu, vitunguu saumu, magadi, hivi vyote nimeona vikiunguza watoto. Bibi mmoja alinieleza kwa upole kabisa kwamba mjukuu akilia ndiyo dalili dawa imeingia. Nilimshika mkono nikamwambia: bibi, akilia ni kwamba anaungua. Kinachowasha na kuchoma kioshwe kwa maji papo hapo.

Upande wa pili wapo wanaoyakimbia mafuta ya mgando kwa kusikia yanatokana na petroli. Yaliyosafishwa kwa matumizi ya ngozi ni salama. Mwanakemia Robert Chesebrough alipata hataza ya mafuta hayo Marekani mwaka 1872, na hadi leo sijaona kitu cha bei nafuu kinachozuia maji kutoka kwenye ngozi kwa kiwango kile. Nunua yasiyo na harufu wala rangi. Kwenye joto la Dar es Salaam ya Januari yanaweza kuleta vipele vya joto, kwa hiyo mchana tumia krimu nyepesi isiyo na manukato na mgando uache kwa usiku. Tahadhari moja: nguo na shuka zilizolowa mafuta haya hushika moto upesi na kuwaka sana. Mtoto aliyepakwa asisogee jikoni kwenye mkaa wala kibatari, na nguo zake zifuliwe mara kwa mara.

Kuhusu bei nitasema kidogo tu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 uliwafuatilia watoto 550 wenye pumu ya ngozi, ukalinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito. Hapakuwa na kilichowazidi wenzake. Kinachofaa ni kile mtoto anachokubali kupakwa na wewe unachomudu kununua kwa wingi. Na wingi ndipo wengi wanapokwama. Mtoto mwenye pumu mwili mzima anaweza kuhitaji gramu 250 kwa wiki. Mzazi ananiambia mafuta hayasaidii, nikiuliza, kopo la gramu 50 limekaa tangu Pasaka. Kopo hilo lilipaswa kuisha ndani ya siku mbili. Na mafuta yachotwe kwa kijiko safi. Vidole huingiza bakteria kwenye kopo.

Madoa meupe usoni mwa mtoto mwenye ngozi kavu mara nyingi si fangasi; ni rangi iliyopungua baada ya ukurutu kupoa, na hurudi yenyewe polepole. Kunywa maji mengi ni vizuri, ila hakukandiki ngozi. Na pumu ya ngozi haiambukizi: waacheni wacheze pamoja, walale kitanda kimoja.

"Krimu za steroidi zinaharibu ngozi, bora mafuta tu"

Hapa nakutana na watu wa aina mbili, na wote wananiumiza moyo. Wa kwanza anaogopa kabisa steroidi, dawa ya kupoza uvimbe na mwasho wa ngozi; mtoto halali usiku, anajikuna mpaka damu. Mafuta hukandika ukuta. Hayazimi moto uliokwisha kuwaka. Steroidi ya nguvu inayofaa, kwa siku alizopangiwa na tabibu, inauzima. Kipimo ni rahisi: krimu inayotoka kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka pingili ya kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake.

Wa pili ananunua dukani tyubu ya mchanganyiko, steroidi kali pamoja na dawa ya bakteria na ya fangasi, anampaka mtoto usoni miezi sita kwa sababu "inang'arisha". Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, na akiacha, vipele vinarudi kwa hasira. Wengine huongeza mkorogo ili kufuta madoa. Madoa hayo hufifia yenyewe mtoto akiacha kujikuna. Sabuni na krimu za kung'arisha zenye zebaki au haidrokwinoni hazipakwi mtoto, na mama anayenyonyesha naye aziache.

Ukiona magamba ya njano, usaha au homa, acha kila kitu cha nyumbani na uje. Na vikitokea vidonda vidogo vya duara vinavyofanana vyote, kama vimetobolewa kwa msumari, vikiuma kuliko kuwasha, hivyo ni virusi vya herpesi vilivyopita kwenye ukuta uliopasuka. Usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo.